Nianzie Wapi?

Kijana wa jirani yangu alikuja jioni moja na swali. Amemaliza kidato cha nne, ana simu inayopiga picha nzuri kuliko kamera ya kwanza niliyowahi kuigusa, na mtaani wanajua kwamba mimi hurekodi sauti kwenye filamu na tamthilia. Aliniamkia, akaketi kwenye benchi la nje, akazunguka kidogo na habari za Simba na Yanga, kisha akalitoa.

"Anko, nataka kuingia kwenye filamu. Si kuigiza. Kule nyuma ya kamera. Nianzie wapi?"

Nilitaka kumjibu kwa sentensi moja nikashindwa. Daktari anaweza kumwambia mtoto wa jirani akazanie sayansi. Fundi magari anaweza kumwambia njoo kesho gereji, uvae nguo za kuchafuka. Mimi nimekaa kwenye kazi hii karibu miaka 20 na sikuweza kumwonyesha mlango, kwa sababu mlango nilioingilia mimi haupo tena, na ule alioingilia aliyenifundisha ulifungwa kabla yangu. Nikamwambia arudi Jumapili, tuwe na muda. Niliyomsimulia Jumapili ile ndiyo haya, ila hapa nimeyapanga vizuri zaidi.

Ukimuuliza mtu Dar es Salaam filamu za kwetu zilianza lini, atakutajia Kanumba. Mwenye umri mkubwa kidogo atakutajia michezo ya kuigiza ya televisheni. Wachache watakupeleka Vugiri, kule Usambara, upande wa Korogwe, ambako mwaka 1935 Waingereza walifungua kambi ya kutengeneza sinema. Waliuita mradi ule jaribio la sinema za kuelimisha Wabantu, na jina lenyewe linakuonyesha walikuwa wakitutazama vipi. Fedha zilitoka hasa kwa shirika la Carnegie la New York. Waliousimamia walikuwa L. A. Notcutt upande wa ufundi na G. C. Latham upande wa elimu. Mpaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu fupi 35 za kilimo, afya na mambo ya serikali, moja ikiwahimiza watu waweke akiba benki ya posta. Picha zilikuwa bubu, za milimita 16. Maneno na muziki vilikuwa kwenye santuri zilizopigwa sambamba na picha, ili filamu ileile isemwe Kiswahili hapa na lugha nyingine kule. Lori lilibeba mitambo likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, likafika hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Mimi ni mtu wa sauti, kwa hiyo zile santuri ndizo zinazonivuta. Kuna mtu alisimama mbele ya maikrofoni akayasema maneno yale kwa Kiswahili. Nadhani alipewa karatasi, na nadhani kuna mahali alipoona sentensi haiendi akaigeuza kidogo ili watu waielewe, kama sisi tunavyofanya hadi leo na skripti zilizoandikwa na watu wasiozungumza na majirani zao. Fedha zilipokwisha mradi ulifungwa. Mwaka 1937 kikatoka kitabu cha kueleza kazi nzima, na kwenye jalada kuna majina mawili, la Notcutt na la Latham. Walioigiza, waliobeba na waliotafsiri walirudi mashambani, au walikokwenda. Sijawahi kukutana na mtu anayesema babu yake alijifunza kazi Vugiri na akawafundisha wengine.

Mwanzo wa pili una jina tunalolijua wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilijaribu tena, safari hii kwa filamu za hadithi za Kiswahili, ikishirikiana na watengenezaji kutoka Afrika Kusini. Mwaka 1952 ikatoka Muhogo Mchungu. Steringi wake alikuwa kijana aliyesoma Tabora, mtumishi wa idara ya maendeleo ya jamii, Rashidi Mfaume Kawawa. Aliigiza katika filamu kadhaa za miaka ile. Baadaye akaingia kwenye vyama vya wafanyakazi, kisha siasa, na Januari 1962, Nyerere alipojiuzulu, Kawawa akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Kijana wangu alicheka aliposikia hayo. Alikuwa anamjua Kawawa kama barabara ya pale Kinondoni. "Kwa hiyo Simba wa Vita alikuwa bongo muvi?" Nikamwambia ndiyo, na aitazame vizuri hadithi hiyo kabla hajacheka. Mwigizaji wetu mashuhuri wa kizazi kile alipata jina kubwa kwa sababu aliiacha kazi ya sinema. Wenzake waliobaki nyuma ya kamera, ambao pengine hawakuwa na chama wala jukwaa la kuhamia, hata wanaoipenda historia hawawataji. Mradi ukaisha na waliojifunza wakatawanyika. Ilikuwa mara ya pili.

Mara ya tatu ndiyo iliyomleta mwalimu wangu.

Baada ya Uhuru serikali ilitaka sinema iwe mali ya umma kama viwanda na mashamba. Mwaka 1968 iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, tuliyozoea kuiita TFC. Katikati ya miaka ya 1970 kikaanzishwa chuo cha picha na sauti, Audio Visual Institute, kwa msaada wa Denmark, na vijana wakapata ajira ya kupiga picha, kurekodi sauti na kuhariri. Kazi nyingi zilikuwa za habari na mafunzo: vijiji vya ujamaa, kisomo cha watu wazima, ziara za viongozi. Zilitoka na filamu za hadithi, Fimbo ya Mnyonge ikiwa mojawapo. Kufikia 1985 kulikuwa na Arusi ya Mariamu, ya Nangayoma Ng'oge na Mmarekani Ron Mulvihill, filamu ya dakika zisizofika 40 inayohusu mwanamke mgonjwa na tiba ya asili, ambayo hadi leo nikiitazama naona imetengenezwa na watu wasio na haraka.

Mzee aliyenifundisha aliajiriwa kipindi hicho akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Nitamwita Mzee tu, kama tulivyomwita kazini, kwa sababu jina lake si langu kulitoa. Alikuwa akituambia kwamba kwao mkebe mmoja wa futi 400 ulikuwa na dakika 11. Ukizimaliza, mkebe mwingine una dola, na dola haipo. Kwa hiyo walifanya mazoezi mara kumi na kupiga mara moja. Kabla ya kubonyeza, kila mtu alijua anasimama wapi na anasema nini, mpaka mbeba taa. Mzee alisema hakuwahi kujisikia ana kazi kama siku zile, ingawa mshahara ulikuwa mdogo, kwa sababu kila kitu kilikuwa na mwenyewe: huyu wa sauti, huyu wa taa, huyu wa daftari la kumbukumbu, na kijana mpya alikaa chini ya mkubwa wake mpaka amjue.

Kilichoiua nyumba hiyo kinajulikana. Bei ya mafuta ilipanda, ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, fedha za kigeni zikakauka. Nchi iliyokuwa inapanga foleni ya sukari isingeweza kununua filamu mbichi kwa dola. Na tofauti na kalamu au ngoma, kamera ya filamu bila filamu ni chuma tu. Kazi zilipungua, vyombo vikaharibika bila vipuri. Mzee alitoka miaka ya mwisho ya 1980. Hakufukuzwa, alikuwa anakwenda kazini na hakuna cha kufanya. Ndugu yake aliyekuwa Uarabuni akamletea kamera ya mkanda wa VHS, na Mzee akaanza kupiga picha za harusi.

Hapo kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hutajwa kuwa ya kwanza ya aina hiyo kusini mwa Sahara. Bara ilisubiri hadi 1994, zilipoanza stesheni binafsi, ITV ikiwa miongoni mwao. Kwa hiyo mtu aliyejifunza kamera Dar es Salaam mwaka 1978 alikuwa na mwajiri mmoja tu, serikali. Huyo akianguka, hakuna stesheni ya kukimbilia. Alibaki na harusi, ubarikio na maulidi. Mzee alipiga harusi za watu kwa nidhamu ya dakika 11. Wenye harusi walilalamika kwamba mkanda wake ni mfupi.

Wakati huohuo sinema zilikuwa zimehamia kwenye vibanda umiza: chumba cha mabati, mabenchi, televisheni moja na deki. Watu walilipa sarafu chache kutazama Wahindi na Wachina wakipigana. Palikuwa na watafsiri kama Lufufu, aliyeweka sauti yake juu ya filamu za nje na kuzisimulia kwa Kiswahili, akiongeza utani na hekima zake mwenyewe. Nilikua ndani ya vibanda hivyo. Nilijua steringi hafi. Nilijua pia, bila kujua kwamba najua, kwamba sauti ya mtu mmoja inaweza kuibeba picha iliyotengenezwa bara jingine ikawa yetu. Nilipokuja kusoma habari za zile santuri za Vugiri, Lufufu ndiye niliyemkumbuka.

Televisheni zilipokuja zilihitaji michezo, na vikundi vya maigizo vilikuwapo tayari. Kaole Sanaa Group ndiyo iliyotazamwa zaidi pale ITV. Humo walipita Steven Kanumba, Vincent Kigosi tunayemwita Ray, Blandina Chagula tunayemwita Johari. Mwaka 2003 George Tyson akatoa Girlfriend, filamu ya video yenye wanamuziki wa Bongo Fleva ndani yake, na wafanyabiashara wa kanda wakaona kwamba hadithi za kwetu zinauzika. Baada ya hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Mwenye kamera ni mpiga picha, mwenye nyumba nzuri Mbezi ana lokesheni, mwenye gari ni mtayarishaji.

Mimi niliingia 2005 kwa kubeba begi. Rafiki yangu alikuwa anaigiza mtoto wa tajiri, akanichukua nimsaidie nguo, kwa sababu waigizaji walikuja na nguo zao. Siku ya pili aliyekuwa anashika maikrofoni hakutokea. Mwongozaji akanitazama kwa urefu wangu, akanipa fimbo. Hiyo ndiyo shule niliyoingilia: mkono mrefu.

Mzee alikuwa pale kwa kamera. Alikuwa amepita miaka 50, na vijana walimwona wa zamani kwa sababu alichelewa kuanza kupiga. Tulikuwa tunamaliza filamu kwa siku nane au kumi, tukiigawa sehemu ya kwanza na ya pili ili mteja anunue mara mbili. Jioni ya kwanza aliniita pembeni. "Mwanangu, unasikiliza nini?" Nikamwambia nasikiliza waigizaji. Akanivalisha hedifoni, akaniambia nifumbe macho nimtajie vitu vyote ninavyovisikia. Nikataja friji, feni ya chumba cha pili, jogoo, daladala, jenereta ya duka. Akasema, "Waigizaji utawasikia tu, wanalipwa kupiga kelele. Wewe kazi yako ni hivyo vingine." Kisha akanifundisha kurekodi kimya. Kila mnapomaliza kupiga ndani ya chumba, kabla watu hawajatawanyika, wote wanasimama bila kusogea kwa nusu dakika, na unarekodi chumba kikiwa kitupu cha maneno. Mhariri atakitumia kuziba mapengo ya sauti. Bila hicho, kila mahali alipokata, mtazamaji atasikia kama shimo.

Kuwasimamisha watu wa bongo muvi nusu dakika bila kusema ni kazi ngumu kuliko kuandika skripti. Walinicheka. Lakini filamu ile ilipotoka, mwenye duka Kariakoo alisema sauti yake haichoshi, na nikaitwa kwenye nyingine.

Aprili 2012 Kanumba alifariki, akiwa na miaka 28. Nilikwenda Leaders Club siku ya kumuaga, na kama kila aliyekuwapo siwezi kuusahau ule umati. Watu walizimia, barabara zilijaa. Nilisimama na wenzangu watatu wa nyuma ya kamera tuliowahi kufanya kazi na waigizaji wakubwa wa wakati ule. Mmoja wetu akasema kwa sauti ya chini, bila kijicho, "Sisi tukifa atakuja mwenye nyumba tu, kudai kodi." Tulicheka msibani, Mungu atusamehe. Lakini alikuwa ametaja jambo la kweli kuhusu kazi yetu. Sura ilikuwa na soko. Mikono haikuwa nalo. Hata sura haikuwa na haki kubwa: wengi waliuza filamu kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja, wakakabidhi mkanda mama, na baada ya hapo ikiuzika nakala elfu moja au laki moja, kwao ni sawa. Sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu 1999, ila huwezi kudai haki ya kitu ulichokiuza chote kwa sababu mtoto anadaiwa ada.

Mimi mwenyewe mwaka 2014 nilifanya kazi wiki tatu kwa mtayarishaji ambaye hakunilipa hata nauli ya mwisho. Sikuwa na mkataba. Nilipotaka kudai nikagundua kwamba hata jina langu halimo mwishoni mwa filamu. Palikuwa na waigizaji, msambazaji, na shukrani kwa hoteli. Nilikuwa sina karatasi ya kuonyesha kwamba nilikuwapo. Nilikaa miezi minne nikiuza vifaa vya umeme kwa shemeji yangu, nikiamini nimeacha.

Kilichonirudisha ni zamu nyingine ya mambo. Miaka hiyo ya 2010 biashara ya diski ilianza kufa, na chaneli za kulipia zikaanza kununua filamu na tamthilia za Kiswahili: Maisha Magic Bongo, Sinema Zetu ya Azam. Tamthilia inataka vipindi vingi, na stesheni hurudisha kazi yenye sauti mbovu. Ghafla mtu anayejua kurekodi kimya alitafutwa. Tukaanza kulipwa kwa siku, baadhi yetu kwa mkataba. Na mwaka 2021 Amil Shivji alipotoa Vuta N'Kuvute, kutokana na riwaya ya Adam Shafi, nilikaa kwenye kiti hadi mwisho kabisa nikitazama majina yakipanda. Yalikuwa mengi, marefu, kila kazi na mtu wake. Sikufanya kazi kwenye filamu ile. Nilisoma majina ya watu wengine kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Mzee hakuyaona hayo. Alifariki mwaka mmoja kabla. Nilikwenda msibani, na nilipompa pole binti yake nikamwambia baba yake alikuwa mpiga picha wa filamu tangu enzi za mkebe, kwamba kuna picha za nchi hii ambazo macho yake ndiyo yaliyozitazama kwanza. Binti alinitazama kwa mshangao wa adabu. "Baba alikuwa anapiga harusi," akasema. Si kwamba Mzee alificha. Alitoka kwenye ile kazi kabla binti hajapata akili ya kukumbuka, na hapakuwa na kitu chochote ndani ya nyumba kinachoisimulia: hakuna cheti ukutani, hakuna filamu yenye jina lake.

Nilipofika hapo, Jumapili ile, kijana alikuwa ameacha kuchezea simu. Akauliza, "Sasa anko, unaniambia nisiingie?"

Hapana. Nilimwambia kwamba kazi hii nchini kwetu imeanza upya mara nne, na kila mara walioanza walidhani wao ndio wa kwanza, kwa sababu waliowatangulia hawakuachiwa mahali pa kuwapokelea. Miradi ilikufa na mashine zikachakaa. Kilichovuka kutoka zama moja hadi nyingine ni kile tu ambacho mtu mmoja alimwonyesha mwingine kwa mkono, jioni, baada ya kazi. Nusu dakika ya kimya ilivuka kutoka kwenye mkebe wa futi 400 hadi kwenye tamthilia za leo kwa njia hiyo. Kwa hiyo asitafute mlango. Atafute mtu anayeijua kazi, amvumilie, na adai mambo mawili tangu siku ya kwanza: malipo yaandikwe, na jina liandikwe. La pili ni la bure na ndilo linalosahaulika zaidi.

Wiki iliyofuata nilimchukua kwenye lokesheni moja Kigamboni, abebe nyaya. Nilimpa pia daftari la kaunta na kazi ya ziada: aandike jina kamili la kila mtu aliyefanya kazi siku ile, na kazi yake, mpaka dereva na mama wa chakula, ili tumkabidhi mhariri. Alizunguka na kalamu mchana kutwa. Wengine walimtania, wengine walimtajia jina moja tu akarudi kulidai la pili.

Jioni tulipomaliza sini ya mwisho niliomba kimya. Watu wakasimama. Nikasikiliza upepo wa bahari kwenye madirisha, friji, na mtu mmoja akijizuia kukohoa. Nusu dakika ikaisha. Kijana akaja na daftari lake, akalifungua ukurasa wa sauti, akasita.

"Samahani anko," akasema. "Jina lako kamili ni nani?"